Mfumo endeshi upi kwa mwanafunzi wa lugha?

Kompyuta nyingi tunazoandikia tasnifu zinatumia Windows 10, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Je, tuzitupe? Hapana. Ipo mifumo endeshi ya bure iliyojengwa juu ya Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Tutazame mitatu.

Ubuntu ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004. Kila baada ya miaka miwili hutoa toleo la muda mrefu, linalohudumiwa miaka 5. Watumiaji wake ni wengi, hivyo msaada hupatikana upesi. Lakini sura yake si ile tuliyoizoea, na inataka mashine yenye nguvu kiasi.

Linux Mint, iliyoanza 2006, imejengwa juu ya Ubuntu. Menyu yake iko chini kushoto, kama katika Windows ya zamani. Toleo lake la Xfce ni jepesi, nalo lafaa kompyuta dhaifu.

Fedora hutoa toleo jipya takriban kila miezi 6, na kila toleo huhudumiwa miezi 13 hivi. Kwa mtu anayenunua megabaiti kidogo kidogo, huo ni mzigo.

Kwa mwanaisimu, hata hivyo, kipimo cha kwanza ni kibodi. Katika Lingala, moto ni mtu, motó ni kichwa, na mɔ́tɔ ni moto unaowaka. Asiyeweza kuandika ɔ wala alama ya toni huyafanya maneno matatu kuwa moja. Katika mifumo hii yote, orodha ya kibodi ina Kifaransa cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mpangilio wenye ɛ, ɔ na alama za toni. Unauchagua tu katika mipangilio. LibreOffice na Praat pia zinapatikana kwa yote.

Kasoro moja: hati ya Word yenye majedwali huweza kuvurugika ikifunguliwa katika LibreOffice. Ukimpelekea profesa kazi ya kusoma tu, mpelekee PDF.

Anayeanza na achague Mint. Aiwashe kwanza kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski, ajaribu kibodi, sauti na Wi-Fi. Akiridhika, ahifadhi kazi zake pengine, ndipo aisakinishe.