KUNYANYUA VYUMA: ANAYEANZA AJIKAZE KIASI GANI?

Jioni, kazi za shamba zikiisha, vijana katika vijiji vingi hukusanyika chini ya mti kunyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe mara nyingi ni bomba na makopo mawili yaliyojazwa saruji. Jambo hili ni zuri. Kunyanyua vitu vizito hutia nguvu misuli na mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya namna hii angalau siku 2 kwa juma.

Ubaya huanza siku ya kwanza ya mgeni. Wenzake wanamzunguka. Wanamhesabia kwa sauti: "Ongeza moja! Ongeza moja!" Naye anaogopa aibu. Ananyanyua mpaka mikono inatetemeka na chuma kinamponyoka. Watu wanampigia makofi. Kesho yake hawezi kuinua hata kikombe cha uji.

Ndugu msomaji, anayeanza asinyanyue mpaka ashindwe. Aache akiwa bado na nguvu ya kunyanyua mara 2 au 3 zaidi. Kama anaweza kunyanyua mara 12, aishie mara 10. Apumzike dakika 2 au 3, kisha arudie mara moja tu. Kwa siku za mwanzo hiyo inatosha.

Atajuaje kwamba amefika? Chuma kikianza kupanda polepole kuliko mwanzo, amekaribia. Mgongo ukianza kupinda ili kusaidia mikono, amepita kiasi. Aweke chini. Tena asibane pumzi. Apumue nje anaponyanyua, na ndani anaposhusha.

Mimi napenda dumu la maji kuliko makopo ya saruji. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tia lita 5, umepata kilo 5. Ukiona ni nzito, mwaga kidogo. Saruji ikishakauka hupunguzi kitu. Na mazoezi yakiisha, maji yale yanamwagiliwa mchicha.

Kwa nini asijikaze sana? Katika majuma ya kwanza nguvu huongezeka upesi, lakini misuli bado haijakua sana. Ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamuru misuli ifanye kazi pamoja. Mafunzo hayo hayahitaji mtu ajichoshe kabisa. Halafu kuna kano, zile kamba zinazoshika misuli kwenye mifupa. Kano hupata nguvu taratibu kuliko misuli. Kijana anajiona ana nguvu, anaongeza mzigo, kumbe kano za bega hazijawa tayari.

Misuli hujijenga wakati wa mapumziko. Kwa hiyo ukinyanyua Jumatatu, rudi Alhamisi. Na kazi ya jembe nayo ihesabiwe. Mtu aliyelima tangu asubuhi hadi mchana amekwisha kunyanyua vya kutosha siku hiyo. Hata mama aliyepanda kilima na ndoo ya maji kichwani amefanya mazoezi, ingawa hakuna aliyempigia makofi.

Maumivu kidogo ya misuli ni ya kawaida. Huanza kesho yake, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha huisha. Lakini kuna maumivu mengine ambayo si ya kupuuza. Mtu asiyezoea akijikaza kupita kiasi, hasa kwenye jua kali na bila kunywa maji, misuli yake inaweza kuharibika na kuvunjika ndani. Uchafu wake huingia katika damu na kuziba mafigo. Dalili zake ni misuli kuvimba na kuuma sana, mwili kulegea, na mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi. Mtu wa namna hii asilale nyumbani akingoja apone. Asimeze vidonge vya maumivu vya dukani, kwa maana baadhi yake huzidi kuyaumiza mafigo. Apelekwe hospitali siku ile ile. Akichelewa, mafigo yanaweza kushindwa kazi, naye anaweza kufa. Akiwahi, wengi hupona.

Baada ya majuma 2, kama zile mara 10 zimekuwa nyepesi, aongeze lita 1 ya maji katika dumu. Ale pia maharage, dagaa au mayai, maana misuli haijengwi kwa ugali mtupu.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, ngiri au selimundu asianze kabla ya kumwona mganga wa zahanati. Mwenye selimundu amweleze mganga wazi kwamba anataka kunyanyua vyuma, kwa sababu ile hatari ya mkojo mweusi kwake ni kubwa zaidi.