Tanki inamwagika usiku? Anza na boya

Hapa Uvira maji ya REGIDESO, yenye kutoka mto Mulongwe, yanakuja na kukatika. Mwenye tanki anategemea floteri: boya linapanda pamoja na maji, mkono wake unafunga robine. Ikiharibika, maji yanamwagika usiku muzima, asubuhi bomba iko kavu, watoto wanarudi ziwani na mabidoni. Si mchezo: watafiti waliofuata hesabu za Uvira kati ya 2009 na 2014 waliona wagonjwa wa kuhara kama kipindupindu wanaongezeka kisha maji kukatika.

Inua boya kwa mkono. Maji yakisimama, robine ni nzima. Tikisa boya, ukisikia maji ndani, limetoboka, libadilishe. Kama ni kavu, angalia mkono: pengine unagusa ukuta wa tanki, ao umeinama.

Maji yasiposimama, shida ni ya robine. Funga bomba kwanza, fungua floteri, osha muchanga (kisha mvua kubwa haukosekane), na kipira kikiwa kimekwisha weka kipya. Kufunga mkono kwa kamba, kama wengi wanavyofanya, hakusaidie: kesho tanki haitajaa.

Na mudomo wa floteri ubaki juu ya maji. Ukizama, bomba ikikosa nguvu inaweza kuvuta maji ya tanki yako, hata machafu, kuyarudisha kwa majirani.