Jina Yohana: Maana, Asili na Kuenea Kwake

Miongoni mwa majina ya watu yanayowatatiza wafasiri na makarani, Yohana ni mojawapo. Katika maandishi ya Kiswahili huonekana kwa maumbo mengi: Yohana, Yohane, Yahya, Yahaya na John. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya jina hilo na jinsi ya kulishughulikia.

Asili yake ni Kiebrania: Yehohanan, ambalo hufupishwa kuwa Yohanan. Jina hili ni sentensi kamili. Sehemu ya kwanza ni kifupi cha jina la Mungu. Ya pili, hanan, ni kitenzi chenye maana ya kufadhili au kutenda kwa neema. Maana yake basi ni “Mungu amefadhili”. Mzizi huo huo, h-n-n, ndio uliozaa majina Hana na Hanania. Kiarabu, kilicho ndugu ya Kiebrania, nacho kina neno hanan, yaani upole na huruma, nalo limetumika katika Kurani, Sura ya Maryam, aya ya 13, katika kumweleza Yahya, ambaye Wakristo humwita Yohana Mbatizaji.

Jina hili lilikuwako kwa Wayahudi karne nyingi kabla ya Ukristo. Kitabu cha Yeremia kinamtaja jemadari mmoja mwenye jina hilo, mwana wa Karea. Lakini lililolieneza ulimwenguni ni heshima ya Mbatizaji na ya Mtume. Wayunani walilitamka Ioannes, Walatini wakalipokea kwao, na kutoka huko yakapatikana John, Jean, Juan, Giovanni na Hans. Mapapa zaidi ya 20 wamelitumia, akiwamo Yohane wa 23 mwaka 1958.

Katika Kiswahili, Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 hutumia Yohana. Biblia Habari Njema hutumia Yohane. Na tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ya mwaka 1969, hutumia Yahya. Hakuna umbo lililo kosa kati ya hayo. Yafaa basi kuzingatia yafuatayo:

(a) Mtu wa maandiko matakatifu aandikwe kwa mapokeo ya matini inayofasiriwa. Matini ya Kiislamu isiandikwe Yohana, wala ya Kikristo isiandikwe Yahya.

(b) Mtu wa historia abaki na jina alilozoeleka nalo. Mfalme wa Uingereza aliyeikubali Magna Carta mwaka 1215 ni John, si Yohana. Papa, ambaye jina lake hutolewa kwa kila lugha, huandikwa kwa umbo la Kiswahili.

(c) Raia aandikwe kama cheti chake kisemavyo. Karani asigeuze John kuwa Yohana, wala Yahaya kuwa Yahya, hata kama anaona anasanifisha lugha. Tofauti ya herufi moja yaweza kumfanya mtu mmoja aonekane wawili, na mjane au yatima akacheleweshewa haki yake ya mirathi.

Usanifishaji ni wa msamiati wa lugha. Jina la mtu ni lake mwenyewe.