Reli ya Kamba na Gari la Waya

Katika tafsiri moja tuliyoletewa tuisahihishe, mgeni wa Bergen, mji wa bandari huko Norway, aliagizwa apande "gari la waya" hadi Fløyen. Angefuata maneno hayo, angetazama angani bure. Chombo kiendacho Fløyen hutambaa ardhini, juu ya reli.

Chombo hicho, kilichofunguliwa mwaka 1918, kina mabehewa mawili yaliyofungwa kwenye ncha mbili za kamba ya chuma, nayo huzungushwa na mtambo ulioko juu. Behewa moja lishukapo, uzito wake husaidia kulipandisha jingine, mfano wa ndoo mbili za kisima zenye kapi moja. Nayo hupishana katikati ya njia. Abiria hufika mita 320 juu ya bahari, akauona mji wote na bandari yake.

Kosa la mfasiri lina chanzo. Mji huohuo una chombo kingine, cha mwaka 1961, kiendacho mlima Ulriken kikining'inia kwenye waya. Wanorway huviita Fløibanen na Ulriksbanen, vyote kwa neno "bane", yaani njia.

Twapendekeza basi "reli ya kamba" kwa cha kwanza, na "gari la waya" libakie kwa kile cha angani. "Funikula" limetokana na neno la Kilatini la kamba ndogo, lakini asiyejua Kilatini halimwambii kitu. "Treni ya mlima" tumeliacha: ziko treni zipandazo kwa reli yenye meno, pasipo kamba. Kuhusu "behewa" tungali na wasiwasi, maana behewa tulizoea likokotwe na injini. Mwenye neno bora na atuandikie.