Mchoro wetu wenyewe: picha inayosema bila kuonyesha uso wa mtu



Kila kikundi cha wanawake kinahitaji picha wakati fulani. Tunahitaji picha ya kichwa cha gazeti, ya tangazo la mkutano linalopita kwenye WhatsApp, ya karatasi inayobandikwa kwenye chupa ya mafuta ya mawese, na ya kile kitambaa kirefu tunachobeba mbele ya maandamano ya tarehe 8 mwezi wa tatu. Mara nyingi tunafanya nini? Tunatoa simu, tunampiga picha mama aliye karibu, na picha inaondoka. Wiki hii tuzungumze juu ya njia nyingine: kuchora picha yetu wenyewe kwenye kompyuta, kwa programu isiyouzwa.

Kwa nini tuchore?

Sababu ya kwanza ni usalama wa watu wetu. Wengi wanakumbuka mwezi wa pili wa mwaka 2011, mahakama ya kijeshi ilipoketi hapa Baraka kuhukumu askari kwa ubakaji uliofanyika Fizi siku ya mwaka mpya. Kuna wamama waliotoa ushahidi wakiwa wamefunika nyuso zao. Hawakuwa na aibu ya kusema ukweli. Walijua kwamba baada ya hukumu watarudi kuishi katika vijiji vilevile, kati ya watu walewale.

Leo simu ziko kila mahali, na hatari hiyo imeongezeka. Picha ya mtoto mgonjwa wa lishe, ya msichana aliyezaa mapema, au ya mama aliyekimbia vita, ikitumwa asubuhi, jioni inaweza kuwa Uvira, Bujumbura na Kigoma. Hata ukiifuta kwenye simu yako, kwenye simu za wengine inabaki. Tena mama aliyepigwa picha akipokea msaada si rahisi kwake kukataa mbele ya aliyemletea. Lakini mchoro wa mwanamke aliyebeba besani kichwani unasema "mama" bila kumtaja mama fulani. Hauna macho, hauna kovu, hauna nyumba nyuma yake ambayo jirani ataitambua.

Sababu ya pili ni mafundisho. Hapa kwetu kipindupindu ni mgeni anayerudi mara kwa mara. Mchoro safi wa mikono inayonawa, ndoo yenye kifuniko na choo kilichofungwa, unamfikia hata mama asiyesoma. Na ukiisha kuchora mara moja, unabadilisha maneno tu: Kiswahili kwa soko, Kibembe kwa kijiji, Kifaransa kwa ofisi, Kirundi kwa dada zetu wakimbizi wa Lusenda.

Sababu ya tatu ni mfuko wa kikundi. Vikundi vingi vinalipa mtu atengeneze alama yao, kisha vinapewa picha ndogo ya simu. Siku wanapotaka kuiweka kwenye kitambaa cha mita tatu, inatoka na ukungu. Wanalipa tena, na mwaka unaofuata tena.

Mchoro wa aina gani?

Picha ya simu ni kama maharagwe ya rangi mbalimbali yaliyopangwa kwenye lungo. Ukiihamisha kwenye lungo kubwa zaidi bila kuongeza maharagwe, nafasi zinaonekana. Ndiyo maana picha ndogo ikikuzwa inaharibika.

Mchoro tunaouzungumzia hapa unafanana na kipimo cha karatasi cha mshonaji. Mshonaji hatunzi gauni lenyewe. Anatunza maagizo: kata hapa, pinda hapa. Kwa maagizo hayo anashona gauni la mtoto au la mama mzima. Vivyo hivyo, ndani ya faili ya mchoro huu kuna maagizo tu: duara hapa, upana huu, rangi hii. Ukiukuza kutoka ukubwa wa stempu hadi ukuta mzima, mistari inabaki safi. Tena faili ya mchoro rahisi ni nyepesi sana. Aina hii inaitwa SVG, na tangu mwaka 2001 ni kanuni inayokubaliwa dunia nzima, si mali ya kampuni moja.

Programu ya kuichora inaitwa Inkscape. Ilianza mwaka 2003 kwa kazi ya watu waliojitolea, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2020. Hailipiwi leo wala kesho. Ni programu huru: sheria yake inaruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili na kuigawa. Kwetu jambo hili ni kubwa. Mmoja akiipakua pale penye intaneti nzuri, anaileta kwa flashi, na vikundi vyote vinainakili bila kuvunja sheria. Ikiisha kuwekwa kwenye kompyuta, inafanya kazi bila intaneti kabisa. Haifanyi kazi kwenye simu. Inahitaji kompyuta, hata moja ya kushirikiana.

Tuchore pamoja

Tuchukue mfano wa kichwa cha gazeti: jua linachomoza nyuma ya Ubwari, ziwa, mtumbwi, na mama mwenye besani ya ndakala. Herufi za kubonyeza ni zilezile, kompyuta ikiwa ya Kifaransa au ya lugha nyingine.

1. Anza kwenye karatasi. Mpe kalamu yule mwenye mkono mzuri, hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Piga picha ya karatasi hiyo kwa simu, ihamishie kwenye kompyuta, uiingize kwa Ctrl+I. Utachora juu yake kama mtu anayefuatisha, kisha utaiondoa.

2. Weka ukubwa wa ukurasa kwa Shift+Ctrl+D. Kwa kichwa cha gazeti, upana wa nukta 1200 na urefu wa 400 unatosha.

3. Bonyeza R uchore pembenne kubwa ya mbingu. Rangi ziko chini ya dirisha, gusa moja. Kinachochorwa mwisho kinakaa juu ya vingine, kwa hiyo anza na vilivyo mbali.

4. Bonyeza E uchore jua. Ukishika Ctrl wakati unavuta, unapata duara kamili.

5. Bonyeza B kwa milima. Gusa nukta moja, nyingine, nyingine, kisha rudi ufunge kwenye nukta ya kwanza. Halafu chora pembenne ya ziwa mbele ya milima. Mtumbwi ni nukta nne tu: mbili juu zilizoachana, mbili chini zilizokaribiana.

6. Mama ni maumbo matatu: duara la kichwa, duara lililobanwa la besani, na umbo la B linalopanuka chini kama kikwembe kilichofungwa vizuri. Usiweke macho wala mdomo. Mkao wa kichwa na besani unatosha; kila mmoja wetu atajiona.

7. Bonyeza S, shika Shift, zungushia maumbo yote matatu kwa kuvuta, kisha Ctrl+G uyafunge pamoja. Sasa Ctrl+D inakupa mama wa pili. Usishangae usipomwona: amekaa juu ya wa kwanza, mvute pembeni. Badilisha rangi za vikwembe, na tayari una kikundi.

8. Bonyeza T uandike jina la kikundi. Maneno machache, herufi nene.

Shauri moja: rangi tatu au nne zinatosha. Kama mapishi, chumvi ikizidi hairudi.

Kutuma na kuchapisha

Kwa WhatsApp, toa picha ya PNG kwa Shift+Ctrl+E. Itume kama hati, si kama picha ya kawaida, maana WhatsApp hupunguza ubora wa picha.

Kwa kitambaa au karatasi nyingi, mpelekee mchapaji PDF. Kwanza tengeneza nakala ya faili, chagua maneno yote kwenye nakala hiyo, ubonyeze Shift+Ctrl+C. Hapo herufi zinageuka kuwa maumbo na hazitabadilika kwenye kompyuta ya mchapaji. Fanya hivyo kwenye nakala tu, kwa sababu maneno yakiisha kugeuka hayasahihishwi tena.

Nani anatunza kipimo?

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoteza. Faili yenye jina linaloishia na .svg ndiyo kipimo cha mshonaji. Anayeishika ndiye mwenye mchoro. Ikibaki kwa kijana mmoja tu, siku akihamia Bukavu mnaanza upya. Itunzeni mahali pawili: kwenye flashi ya mwandishi wa kikundi, pamoja na daftari la akiba, na kwenye kompyuta nyingine. Na mkimlipa mtu awachoree, mwambieni kabla ya kulipa: pamoja na picha, tunataka faili ya SVG.

Mama wengine watasema kompyuta ni kazi ya vijana. Lakini anayejua kukata kitenge bila kupoteza kipande, au kupanga rangi za shanga, anajua tayari sehemu ngumu ya kazi hii. Vidole vitazoea.

Basi, wiki hii kila kikundi kifanye mambo mawili. Kwanza, mwangalie picha zote mnazotumia sasa, na kwa kila uso mjiulize: je, huyu alikubali, na je, alikuwa na uwezo wa kukataa? Zile zenye mashaka ziondolewe. Pili, mchore kwenye karatasi alama moja ya kikundi chenu, kubwa na rahisi, kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza anaweza kusema ni nini. Mje nayo kwenye mkutano ujao. Kompyuta na umeme tutatafuta pamoja.