Simu na Insha za Watoto Wetu

Wazazi wengi walalamika kwamba simu za mkononi zimeharibu Kiingereza cha watoto wao, na lawama huwaangukia wasichana kwanza, eti wao ndio washindao wakiandikiana. Lawama hiyo haina haki. Mwaka 2005 mtaalamu Rich Ling alitangaza uchunguzi wake wa Norway: wanawake ndio walioandika ujumbe mrefu zaidi, wenye sentensi za muundo mpana kuliko za wanaume. Nako Uingereza, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Coventry walipowapima watoto, wale waliozoea vifupisho vya simu hawakuonekana dhaifu katika tahajia; pengine waliwapita wenzao.

Lakini hao ni watoto waliozaliwa na Kiingereza. Mtoto wa kuli wa Dar es Salaam, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, huanza kufundishwa masomo yake kwa Kiingereza kidato cha kwanza, na kwa lugha hiyo hutahiniwa. Akiandika “u” mahali pa “you”, awe mvulana au msichana, huenda hajafupisha lolote. Ndivyo alivyolijua neno. Na mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani, atamsahihishia insha ngapi kwa muhula?