Bakteria Sugu Wodini: Kidonda Kisichokauka

Mama anayejifungua kwa upasuaji katika Hospitali ya Rubya au Ndolage, wilayani Muleba, hutarajia mshono wake ukauke mapema. Ukitoa usaha siku ya tano, huenda vimelea vilivyouingia vilipatikana hospitalini. Maambukizi yanayojitokeza saa 48 au zaidi baada ya mgonjwa kulazwa, na yale ya kidonda cha upasuaji ndani ya siku 30, kwa kawaida huhesabiwa kuwa yametokana na huduma. Hayana nchi, hutokea hata katika hospitali za mataifa tajiri.

Kinachotia hofu ni aina ya bakteria. Mahali ambapo antibayotiki hutumika kila siku, bakteria dhaifu hufa, walio sugu hubaki na kuzaliana. Klebsiella, kwa mfano, hukaa tumboni mwa mtu bila kumdhuru, lakini akiingia katika damu ya mtoto mchanga au kupitia mpira wa mkojo huleta maradhi makali. Baadhi yao hutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja seftriaksoni kabla haijafanya kazi. Isitoshe, vinasaba vya kutengeneza vimeng'enya hivyo hukaa katika kipande kidogo ambacho bakteria mmoja humpa mwingine, hata asiye wa jamii yake.

Madhara yake yalionekana Muhimbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, kuhusu watoto wenye maambukizi ya damu, ulionyesha kuwa asilimia 71 ya walioambukizwa bakteria wenye vimeng'enya hivyo walifariki, ikilinganishwa na asilimia 39 ya walioambukizwa bakteria wa kundi hilo wasio navyo. Dar es Salaam ni mbali na Kagera, lakini sindano inayokimbiliwa ni ile ile.

Ndiyo maana damu au usaha huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza, ili maabara ioteshe vimelea na kutaja dawa inayowaua. Matibabu ya mgonjwa mahututi hayasubiri majibu. Huanza, kisha hurekebishwa. Mgonjwa anapohamishwa kutoka Muleba kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Bukoba, au kuvuka hadi Bugando, Mwanza, barua yake itaje dawa alizokwisha kupewa na kwa siku ngapi. Bila hayo, anayempokea anaweza kuanza upya na dawa iliyokwisha kushindwa.

Njia kuu ya bakteria hawa ni mikono. Kagera yaijua njia hiyo: Marburg iliyotangazwa Machi 2023 wilayani Bukoba iliwapata watu 9 na kuua 6, akiwemo mtumishi wa afya. Marburg hutisha, watu wakanawa; Klebsiella hapigi kelele, na hapo ndipo uzembe huanzia. Kupaka kitakasa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa huchukua sekunde 20 hadi 30. Kanula na mpira wa mkojo vikaguliwe kila siku, viondolewe mara visipohitajika.

Ndugu anayeuguza naye anawe, na si utovu wa adabu kumwuliza muuguzi kwa upole iwapo amenawa. Mama aliyekwisha kuruhusiwa akiona mshono umevimba, unauma au unatoa usaha, asimimine kidondani unga wa vidonge vya rangi mbili. Arudi alikopasuliwa, akiwa na karatasi zake za kuruhusiwa na dawa zote alizotumia.